Je, kuna wakati kumuua mwizi aliyevunja nyumba ni haki?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nyumbani kwetu umezuka ubishi kati yangu na shemeji yangu. Yeye anasema mtu akishavunja mlango wa mwenzake usiku amekwisha kuiuza roho yake, na mwenye nyumba akimuua hana kosa mbele ya sheria wala mbele ya Mungu. Mimi nasema televisheni haiwezi kulinganishwa na uhai wa mtu. Sasa amefika mbali zaidi: anataka kuunganisha umeme kwenye nondo za dirisha la nyuma ili atakayezishika akome. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Nitatanguliza jibu, sababu zitafuata. Ndiyo, upo wakati ambapo kumuua aliyevunja nyumba ni halali kisheria na kimaadili. Lakini kinachohalalisha si kule kuvunja nyumba, wala si mali aliyoibeba. Ni hatari anayoileta kwa mwili wa mtu dakika ileile, pamoja na kukosekana kwa njia nyingine ya kuizuia. Hatari ikiisha, ruhusa nayo imeisha, hata kama mwizi bado yumo sebuleni. Hapo shemeji yako amekosea. Nawe hujapatia sana, kwa sababu umeufanya ubishi uwe kati ya televisheni na roho, wakati mtu aliyeamshwa saa nane za usiku na kishindo cha mlango hajui kama aliyeingia amefuata televisheni, amemfuata yeye, au amemfuata binti yake.

Suala hili ni kongwe, na watunga sheria wa kale waliligawa kwa jua. Katika Biblia, kitabu cha Kutoka sura ya 22, mwizi akikutwa anavunja nyumba akapigwa hadi akafa, aliyempiga hana hatia ya damu; lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, hatia ipo. Mbao Kumi na Mbili za Warumi, zilizoandikwa karibu mwaka 450 kabla ya Kristo, zilisema karibu yaleyale: mwizi wa usiku aliyeuawa ameuawa kihalali, na wa mchana ni pale tu anapojitetea kwa silaha. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 iliutaja uvunjaji nyumba wa usiku miongoni mwa makosa ambayo mtu anaweza hata kuua katika kuyazuia. Ufaransa ya leo, anayemzuia mtu anayeingia usiku kwa kuvunja, kwa nguvu au kwa hila ndani ya nyumba inayokaliwa anadhaniwa kuwa alikuwa anajitetea, mpaka upande wa pili uonyeshe vingine.

Kwa nini usiku? Mali haipandi thamani jua linapozama. Kinachobadilika ni kile anachoweza kukijua mwenye nyumba. Gizani huoni mikono ya mtu, huwezi kuhesabu wako wangapi, majirani wamelala, msaada uko mbali, na aliyechagua kuingia saa hizo anajua fika kwamba atawakuta watu ndani. Mgawanyo wa usiku na mchana uliwekwa kumhurumia mtu aliyelazimika kuamua bila kujua. Haukuwekwa kupanga bei ya roho ya mwizi. Ndiyo maana hata wale wa kale, tunaozoea kuwafikiria kuwa wakali, waliirudisha hatia mara tu kulipokucha: mchana unaona, unaweza kuita watu, unaweza kumtambua, kwa hiyo huna udhuru uleule.

Upande wa dini, shemeji yako amejiamini kupita ushahidi wake. Kweli ipo hadithi katika Bukhari na Muslim kwamba anayeuawa akiitetea mali yake ni shahidi, na ipo nyingine katika Muslim inayomruhusu mwenye mali kupigana na anayekuja kumpora. Lakini mafakihi waliozifafanua hawakuishia hapo. Vitabu vya madhehebu ya Shafii vinapanga ngazi: mvamizi akiweza kurudishwa kwa maneno au kwa kupiga mayowe, ni haramu kumpiga, akiweza kuzuiwa kwa mkono, ni haramu kumpiga kwa mjeledi, akizuilika kwa kujeruhiwa kiungo, ni haramu kumuua. Kwa upande wa Wakristo, mwanateolojia Thomas Aquinas katika karne ya 13 alifundisha kwamba mtu anaruhusiwa kuilinda nafsi yake hata kama kifo cha mshambuliaji kitafuatia, mradi anachokusudia ni kujilinda na nguvu anayotumia haizidi haja. Akizidisha, kitendo kilekile kinageuka kuwa dhambi. Sijui shemeji yako ni wa dini ipi, ila kote huko atakutana na sharti lilelile.

Hata hivyo hoja yake ya kuuza roho isidharauliwe. Imewahi kusemwa na watu wakubwa. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika mwaka 1689 kwamba ni halali kumuua mwizi anayenitumia nguvu ili aniweke chini ya mamlaka yake, hata kama hajanijeruhi wala hajasema ana nia ya kuniua. Sababu aliyoitoa ni kwamba sina msingi wa kuamini kuwa mtu aliye tayari kuninyang'anya uhuru wangu hatachukua na vingine vyote akishaniweza. Soma hoja hiyo polepole na utaona inasimama juu ya nini: mwizi wa Locke amemkamata mtu, na yule mtu hajui kitakachofuata. Ni hoja ya hatari na ya kutojua. Hairuhusu kumuua kijana anayetoka mbio na redio.

Njia nyingine ya kuipima kauli ya shemeji yako ni kumuuliza hivi: mwizi akishaingia, akakuona, akatupa alichoshika, akakaa chini na kunyoosha mikono juu, bado unaweza kumuua? Natumaini atasema hapana. Basi roho haikuuzwa mlangoni. Alichokipoteza yule mtu kwa kuvunja nyumba ni haki ya kuachwa bila kuzuiwa. Anaweza kusukumwa, kupigwa, kufungiwa, kukamatwa, na hana la kulalamika. Lakini haki yake ya kuishi inaondolewa tu kwa kiasi ambacho kuiheshimu kungemgharimu mtu asiye na kosa uhai au mwili wake. Akiacha kuwa tishio, haki hiyo inarudi nzima, iwe tunampenda au hatumpendi.

Sasa nikugeukie wewe. Mfano wa televisheni unafaa kwa wizi unaotazamwa kutoka mbali, kesho yake asubuhi, taa zikiwa zinawaka na hesabu ya vilivyopotea imekwisha kufanywa. Idara ya takwimu za uhalifu ya Marekani ilichunguza matukio ya kati ya 2003 na 2007, wakati nyumba zilizovunjwa nchini humo zilifika wastani wa milioni 3.7 kwa mwaka. Katika kiasi cha asilimia 28 ya matukio hayo kulikuwa na mtu nyumbani, na kati ya hayo ya watu kuwemo, robo hivi yaliishia kwa mtu kushambuliwa au kutishiwa. Takwimu hizo zinaweza kuvutwa pande zote mbili. Wezi wengi hutafuta nyumba tupu na hawataki kukutana na mtu. Lakini wakikutana naye, uwezekano wa kuumizwa si wa kupuuzwa hata kidogo, na mwanamke aliye peke yake na watoto chumbani hawezi kuambiwa asubiri mpaka ajue yuko kwenye fungu lipi.

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe, nami nitakaa hapo kidogo. Tukisema mtu ahukumiwe kwa kile alichokiamini wakati ule, tunamlinda aliyeogopa kwa haki, lakini tunafungua mlango kwa aliyeogopa ovyo. Oktoba 1992, huko Louisiana, Marekani, mwanafunzi wa Kijapani mwenye umri wa miaka 16 alikuwa akienda kwenye sherehe pamoja na rafiki yake, wakakosea nyumba. Mwenye nyumba alitoka na bunduki na kumwamuru asimame. Kijana hakuelewa, akaendelea kumsogelea, akapigwa risasi akafa. Kesi ya jinai ilimwachia huru mwenye nyumba mwaka 1993. Mwaka uliofuata, katika kesi ya madai, mahakama ilimwamuru awalipe wazazi wa kijana fidia kubwa. Mahakama mbili, tukio moja, majibu mawili. Mimi nadhani ile ya pili ndiyo iliyouliza swali zuri zaidi: mlango ulikuwa wa kufungika, polisi walikuwa wa kupigiwa simu, na aliyekuwa nje hakuwa na kitu cha kuua. Hofu ilikuwapo. Msingi wake ndio uliopwaya.

Kesi ya Oscar Pistorius wa Afrika Kusini inafundisha zaidi, kwa kuwa utetezi wake ulikuwa huuhuu tunaouzungumza. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013 alifyatua risasi 4 kupitia mlango wa choo uliofungwa na kumuua mchumba wake, Reeva Steenkamp. Alidai alidhani ni mvamizi. Mahakama ya kwanza ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Rufaa ikalibadilisha kuwa kosa la mauaji, na hoja yake ingefaa isomwe na kila anayelala na bastola karibu na mto. Majaji walisema haijalishi nani alikuwa nyuma ya mlango. Mtu anayefyatua risasi 4 za bastola nzito kuelekea chumba kidogo anajua kwamba aliyemo atakufa. Na huyu hakuwa amemwona mtu huyo, hakuwa ameshambuliwa, hakuwa ametoa hata risasi ya kuonya, wala hakujua kama aliyemo ana silaha. Yaani hata kama angekuwa mwizi wa kweli, bado yangekuwa mauaji. Mwaka 2017 kifungo chake kiliongezwa kufikia miaka 13 na miezi 5.

Kwa hiyo imani ya kweli moyoni haitoshi. Sheria nyingi zinataka imani hiyo iwe na miguu: kitu ulichokiona, ulichokisikia, ulichoambiwa, ambacho mtu mwenye akili timamu mahali pako angekitafsiri kama wewe. Zipo zinazoridhika na imani ya kweli hata kama si ya busara, England ikiwa mojawapo, ila hata hizo huipima nguvu uliyotumia kwa kipimo cha nje yako.

Najua shemeji yako atauliza: mnataka mtu aliyetoka usingizini atoe kalamu apige hesabu? Hapana, na mahakama zimekiri hilo siku nyingi. Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliandika mwaka 1921 kwamba tafakuri tulivu haiwezi kudaiwa kwa mtu ambaye kisu kimekwisha kuinuliwa mbele yake. Ujerumani kifungu cha 33 cha sheria ya jinai kinamwondolea adhabu aliyevuka mpaka wa kujihami kwa sababu ya kuchanganyikiwa, woga au fadhaa. Angalia kwamba hasira na kisasi havimo. England ilibadilisha sheria yake mwaka 2013: mwenye nyumba anayemkabili mvamizi ndani ya makazi yake anapoteza utetezi moja kwa moja pale tu nguvu aliyotumia imezidi kiasi waziwazi mno. Magazeti yalilitangaza badiliko hilo kama leseni ya kuua. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya huko ikasahihisha: nguvu hiyo bado lazima iwe ya kuridhisha kwa mazingira yalivyokuwa, ila mwenye nyumba anapimwa kwa mizani yenye huruma zaidi. Naona huo ni msimamo mzuri. Unamsamehe anayetetemeka bila kumfungulia mlango anayekusudia.

Na mali peke yake je, pale ambapo ni dhahiri hakuna mtu anayetishiwa? Hapa nchi zinaachana kweli. Sheria ya Ufaransa inasema unaweza kutumia nguvu za lazima kuilinda mali, ila kuua kwa kukusudia kumetolewa kabisa nje ya ruhusa hiyo. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kifungu cha 2, unataja kumlinda mtu dhidi ya ukatili kama sababu inayoweza kuhalalisha kuua, mali haikutajwa. Upande wa pili kuna jimbo la Texas, ambako kifungu cha 9.42 cha sheria ya jinai, kwa masharti yake, kinaruhusu nguvu ya kuua kumzuia mvunja nyumba, hata mwizi wa usiku anayetoroka na mali. Mwaka 2007, karibu na Houston, mzee mmoja aliwaona watu wawili wakitoka katika nyumba ya jirani yake. Mpokea simu za dharura alimsihi tena na tena asitoke nje, kwamba hakuna mali inayostahili kuuliwa mtu. Alitoka, akawaua wote wawili. Mwaka uliofuata jopo la raia lililokaa kuamua kama ashtakiwe lilikataa kumshtaki.

Kisheria, kwa pale, huenda walikuwa sahihi. Kimaadili siwezi kuwafuata. William Blackstone, mfafanuzi mkuu wa sheria za Waingereza katika karne ya 18, alisema sheria hairuhusu kuzuia kwa kuua uhalifu ambao kama ungetendeka usingeadhibiwa kwa kifo. Zama zake mvunja nyumba wa usiku alinyongwa, kwa hiyo kumuua mlangoni kulilingana na hukumu iliyokuwa ikimsubiri. Leo, mahali pengi duniani, anafungwa jela. Hoja hii haiwezi kutumika kwa anayejitetea maisha, maana kujitetea si kutoa adhabu. Mbakaji hanyongwi nchi nyingi na bado mwanamke anaweza kumuua akimzuia. Lakini kwa mali tupu inauma. Ikiwa hakimu aliyesikiliza pande zote hana ruhusa ya kuchukua uhai kwa ajili ya redio, wewe uliyesikiliza upande mmoja, wako mwenyewe, umeitoa wapi?

Nakubali kuna mali ambayo ndiyo maisha ya mtu: mifugo yote ya familia, chombo pekee cha kuvulia, dawa za mgonjwa. Tofauti hiyo ni ya kweli na inaongeza kiasi cha nguvu unachoweza kukitumia. Haifikishi kwenye kuua, isipokuwa pale ambapo kuporwa kitu hicho ni sawasawa na kuachwa ufe.

Anayekimbia hana mjadala mrefu. Mwaka 1974 polisi wa Memphis alimpiga risasi ya kichwa kijana wa miaka 15 aliyekuwa akiruka uzio baada ya kuvunja nyumba. Hakuwa na silaha. Alikutwa na dola 10 na mkoba. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1985 iliamua kwamba hata polisi hawezi kumuua mshukiwa anayekimbia, isipokuwa kuna sababu nzito za kuamini kuwa ni tishio la kifo au majeraha makubwa kwa watu. Ikiwa askari aliyeapishwa amefungwa hivyo, raia atajipa ruhusa pana zaidi kwa msingi gani?

England ina kesi mbili ambazo watu hupenda kuzigombania. Mwaka 1999 mkulima wa Norfolk aliwapiga risasi wavamizi wawili usiku. Mmoja, kijana wa miaka 16, alikufa kwa risasi iliyompata mgongoni. Mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji. Rufaa ya mwaka 2001 ilipunguza kosa kuwa kuua bila kukusudia, kwa sababu ya hali yake ya akili na si kwa kukubali kwamba alijitetea. Ya pili ni ya mwaka 2008. Mfanyabiashara mmoja alirudi na familia yake kutoka msikitini akawakuta watu wenye visu nyumbani, wakawafunga kamba yeye, mke na watoto. Akafanikiwa kujinasua. Wavamizi wakakimbia, naye pamoja na nduguye wakamfukuza mmoja wao barabarani, wakampiga kwa gongo la kriketi hadi ubongo ukaharibika. Kama angempiga hivyohivyo akiwa bado ndani ya nyumba ameshika kisu mbele ya watoto, sidhani kama angefikishwa mahakamani. Alihukumiwa miezi 30. Mahakama ya Rufaa ikampunguzia na kumtoa gerezani kwa kifungo cha nje mwaka 2010, ikimhurumia, lakini hatia ikabaki. Kinachozitenganisha hali hizo mbili ni mita kadhaa na dakika chache, na inaonekana ni uonevu mpaka ujiulize: pale barabarani alikuwa anamlinda nani?

Tena hapo ndipo ninapotaka shemeji yako asikilize kuliko pote. Mwizi aliyekwisha kukamatwa, aliyefungwa kamba, aliyelala chini amezungukwa na watu, hatishii mtu. Anayemrushia jiwe, anayemwagia petroli, anayemkanyaga kichwani, hana hata hoja ya kuanzia ya kujihami. Ni muuaji, na kundi kubwa haligawanyi hatia hiyo. Kila aliyeshiriki anaibeba nzima. Nasikia watu wakisema polisi wanahongwa, mahakama zinawaachia, kesho mwizi yuko mtaani anatucheka. Malalamiko hayo mara nyingine ni ya kweli kabisa. Lakini ni malalamiko dhidi ya polisi na mahakama, na yanalipwa na mtu ambaye huenda hata siye. Kundi halisikilizi ushahidi. Kelele za "mwizi" zinaweza kupigwa na mdaiwa anayemkimbia mdai wake, au na mume mwenye wivu.

Nije kwenye waya wa umeme. Hapo jibu ni jepesi: asithubutu. Kila kilichoelezwa hadi sasa kinategemea kuwapo kwa mtu anayeona, anayesikia, anayepima, na anayeweza kuacha. Waya hauna hata kimoja. Utamuua mwizi, na vilevile utamuua mtoto aliyefuata mpira, fundi, jirani aliyekuja kuwaokoa nyumba ikiwaka moto, au mke wa shemeji yako mwenyewe akifuta vumbi. England ilipiga marufuku bunduki za mtego tangu mwaka 1827, ikabakiza nafasi finyu ya ndani ya nyumba ya kuishi kati ya machweo na macheo. Unaona usiku ulivyorudi. Kesi mashuhuri zaidi ni ya jimbo la Iowa, Marekani, Katko dhidi ya Briney. Wenye nyumba ya shambani iliyokuwa haikaliwi, wamechoshwa na wezi, walifunga bunduki chumbani ikielekezwa mlangoni ili ifyatuke mlango ukifunguliwa. Mwaka 1967 mtu aliyeingia kutafuta chupa na mitungi ya zamani alifungua mlango huo, mguu wake ukavunjwavunjwa. Alikuwa mwizi, alikiri. Bado mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Iowa ilithibitisha alipwe dola 30,000. Kanuni yake haina mzunguko: usichoruhusiwa kukitenda kwa mkono wako ukiwapo, huruhusiwi kukikabidhi kwa mtego ukiwa hupo. Mtego ukiua, itakuwa vigumu sana kumshawishi hakimu kwamba hukukusudia, maana ulikaa mchana kweupe ukaupanga.

Mengine ni ya kutenda. Usiku huo ukifika, kusanya watu wa nyumbani katika chumba kimoja chenye mlango imara, washa taa za nje kama swichi iko karibu, piga simu, na piga kelele kubwa ukisema umemsikia na umeita msaada. Wezi wengi huondoka hapo. Akiondoka mwache. Katika nchi nyingi hulazimiki kukimbia kutoka nyumbani kwako, lakini kutolazimika kukimbia hakukulazimishi kwenda kumtafuta koridoni. Akiuvunja mlango wa chumba mlichomo, baada ya kelele zote hizo, amejibu mwenyewe swali la nia yake, na hapo sitakuambia upime fimbo.

Kama itatokea amejeruhiwa au amekufa, ita gari la wagonjwa kabla ya kuwaita ndugu. Ni wajibu wako kwa binadamu yeyote anayetokwa damu, na ndiyo dalili ya kwanza kwamba ulitaka kuzuia na si kuua. Usiguse silaha yake, usioshe sakafu. Upo ushauri wa mitaani kwamba aliyefia nje avutwe ndani. Michirizi ya damu itausema uwongo huo kwa mpelelezi yeyote, na kesi ambayo ungeshinda itageuka ya mauaji. Waambie polisi kwamba mlivamiwa, onyesha alipoingilia, taja walioona, kisha sema maelezo kamili utayatoa ukiwa na wakili. Katika nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza, ukishalileta suala la kujihami likiwa na ushahidi kidogo wa kuliunga mkono, ni mwendesha mashtaka anayepaswa kuthibitisha kwamba hukuwa unajihami. Usimrahisishie kazi kwa kusema, ukiwa bado unatetemeka kwa hasira, kwamba ulitaka kumfundisha adabu.